Kuku Aliyehamia Kijitabu cha Jirani

Na hilo la kusema eti kujumlisha ni kazi ambayo hata mtoto wa chekechea anaiweza, shemeji yake alirudie tena mbele yake aone kama kikombe cha chai hakitamfuata alipo. Alishalisema mara tatu wiki hiyo. Mara ya kwanza msichana alicheka naye. Mara ya pili alimwangalia tu. Mara ya tatu, asubuhi, mguu mmoja ukiwa ndani ya kiatu na mwingine ukipapasa chini ya kochi kutafuta kiatu cha pili, akamjibu.

"Shemeji, wewe unashona suruali, mguu mmoja unatoka mrefu kuliko mwenzake, na bado watu wanakuita fundi. Niache mimi na kujumlisha kwangu."

Dada yake alicheka mpaka akalazimika kuweka sufuria chini. Shemeji naye akacheka, angefanyaje, suruali yenyewe alikuwa ameivaa. Nyumba ile iko hivyo. Watu wanarushiana maneno tangu jua halijachomoza na hakuna anayevimba.

Kazini walimwita Kalkuleta. Alikuwa na miaka ishirini na tatu, mdomo mwepesi, hasira za karibu, na kicheko kinachoanzia tumboni kikatoka kabla hajakipa ruhusa. Shule alimaliza kwa mbinde. Matokeo yake yalipokuja aliyaangalia mara moja, akayakunja, akayatia mfukoni, akaenda kufua nguo. Lakini namba, namba zilimpenda tangu mdogo. Kaka zake walipocheza karata uani, yeye ndiye aliyewekwa kuandika pointi, kwa sababu kumdanganya ilikuwa haiwezekani. Mtu akisema "mimi nina arobaini," yeye anamjibu, "una thelathini na sita, na ile kadi uliyokalia itoe." Wakubwa wazima walikuwa wanaitoa.

Kwa hiyo aliposikia wanatafutwa watu wa kujumlisha alama kwenye kituo cha kusahihishia mitihani, alikwenda. Walimpa karatasi yenye namba ndefu mia moja, wakamwambia ajumlishe kwa dakika kumi. Alimaliza kwa sita, akauliza, "Nyingine iko wapi?" Huo ulikuwa mwaka wa kwanza. Huu ulikuwa wa tatu.

Kituo kilikuwa bwalo la chakula la shule moja ya bweni, wanafunzi wakiwa likizo. Meza ndefu zimeunganishwa kichwa kwa mkia, madirisha yako juu sana, viti vya kitoto kiasi kwamba walimu wanene wanakaa upande upande. Simu zinaachwa mlangoni ndani ya boksi la karatasi, kila moja na kibandiko chake. Na kazi inakwenda hivi: swali moja, mtu mmoja. Mwalimu wa swali la kwanza anasahihisha la kwanza tu, anasukuma kijitabu kwa jirani, jirani anasahihisha la pili, basi, kijitabu kinatembea mezani mkono kwa mkono mpaka mwisho. Huko mwisho ndiko alikokaa Kalkuleta. Kazi yake ni kuangalia kama alama zilizoandikwa ndani ndizo zilizoandikwa kwenye jalada, kuzijumlisha, kutia sahihi, na kumpa mwenzake naye ahakikishe.

Kusoma majibu si kazi yake. Hilo waliambiwa siku ya kwanza na Mama Lakiri, mkuu wa kituo, mwanamke mrefu asiyecheka, ambaye ndiye aliyefunga masanduku na kuyapiga lakiri nyekundu kwa mkono wake mwenyewe. "Mjumlishaji anajumlisha," alisema. "Akianza kubishana na majibu, anachukua begi lake anakwenda nyumbani." Mwaka uliopita mmoja alianza kubishana. Alichukua begi lake.

Lakini kusoma huwezi kuacha, jicho halina mlango. Siku hiyo, siku ya mwisho kabisa ya hesabu, walikuwa wamebakiza fungu moja la vijitabu hamsini. Saa kumi gari linakuja kuchukua masanduku. Saa tisa na robo Kalkuleta alikuwa anapeperusha kurasa kama mtu anayechambua mchicha, na bwalo zima lilikuwa na wazimu ule wa siku ya kufunga. Walimu wanaimba kwa kunong'ona. Mmoja kavaa kofia ya gazeti. Mwenzake wa kujumlisha, mzee mmoja mnene mpole aliyeitwa Polepole kwa sababu alijumlisha kwa midomo, alikuwa anahesabu huku anatikisa mabega kufuata wimbo, na jumla zake zilitoka sawa vilevile.

Wa kwanza kumaliza walikuwa meza ya grafu. Meza hiyo ilikuwa ya Bwana Rula, mwalimu wa hesabu mwenye rula ya mbao ambayo hakuiweka chini hata akienda kunawa. Alikuwa mwepesi na alijijua. Grafu ilikuwa ya swali la tisa, nayo ilichorwa kwenye karatasi ya pembeni ambayo mtahiniwa anaifunga kwa uzi ndani ya kijitabu chake. Kufunua kijitabu, kutafuta grafu, kuigeuza, kuirudisha, vyote hivyo vinakula muda. Bwana Rula akabuni njia yake. Anafungua nyuzi zote, anazitoa grafu zote, anazipanga rundo moja kwa mfuatano, anaweka juu yake plastiki inayopitisha mwanga yenye mstari sahihi, anaangalia nukta, anatia alama, inayofuata! Meza yake ikimaliza inazifunga tena moja moja na kunakili alama kwenye jalada. Hakuna aliyemruhusu. Hakuna aliyemkataza pia, maana alikuwa anamaliza mapema.

Kalkuleta akafika namba hamsini, kijitabu cha mwisho cha fungu la mwisho la mwaka, na hapo kicheko kikaanza kupanda.

Mtahiniwa huyu, yeyote aliyekuwa, alichora kuku. Kuku mdogo kama punje ya mahindi, kwenye pembe ya chini ya kila ukurasa. Swali la kwanza, kuku amesimama. La tatu, kuku amekaa. La tano lilikuwa gumu, kuku anatoka jasho. La sita amelipata lote, kuku ana miwani. Kalkuleta aliziba mdomo kwa kiganja. Polepole akamwangalia.

"Nini tena?"

"Kuku, mzee wangu. Ana miwani."

"Nani ana miwani?"

"Kuku!"

Akafika swali la tisa. Jedwali limejazwa lote, safi, na chini yake kumeandikwa ANGALIA GRAFU, na kuku amenyoosha bawa, anaelekeza.

Kalkuleta akageuza ukurasa aone grafu. Hakuna. Akatikisa kijitabu. Hakuna. Akaangalia jalada: kwenye kisanduku cha swali la tisa, upande wa grafu, kuna kistari. Maana yake hakufanya.

Kicheko kikakatika. Mtu huyu aliyechora kuku kumi na tano, aliyejaza jedwali lote, aliyeandika angalia grafu kwa herufi kubwa, hakuchora grafu? Halafu akakumbuka. Dakika moja tu iliyopita, akiwa anapeperusha, alipita kuku mwingine. Alidhani macho yake yamechoka. Akavuta kijitabu namba arobaini na tisa, akafunua. Kurasa zote hazina kuku. Si kuku, si yai. Ila grafu iliyofungwa ndani yake, pembeni chini, alikuwepo kuku, mabawa juu, anashangilia. Na kwa wino mwekundu: kumi na moja juu ya kumi na mbili.

"Mzee wangu," alisema, sauti imepanda bila kuagizwa, "kuku amehama nyumba."

Polepole akasukuma miwani yake juu. Akaangalia kimoja, akaangalia cha pili. Akasema taratibu, "Wee binti. Hapa pana balaa."

"Balaa kubwa."

"Lakini sisi tunajumlisha tu. Acha kistari kilivyo, jumlisha, tia sahihi. Unataka begi?"

Lilikuwa swali la haki. Akikiacha kistari, fungu linafungwa, Mama Lakiri anagonga muhuri wake, gari linakwenda, na mwakani ataitwa tena. Na mtoto fulani, popote alipo, atapewa karatasi ya matokeo iliyopungua alama kumi na moja, ataikunja, ataitia mfukoni, na hatajua kamwe. Sanduku likishapigwa lakiri halifunguliwi hata kwa kilio. Saa ukutani ilikuwa saa tisa na dakika ishirini na tano.

Kalkuleta hakukiacha kistari. Alirudi nyuma. Arobaini na nane: jedwali limekosewa sehemu moja, kwenye mbili ameandika tisa badala ya saba, lakini grafu iliyofungwa humo haina nukta ya tisa popote. Akafunua arobaini na saba. Nukta ya tisa hiyo hapo, imechomoza juu ya mstari kama kichwa cha mtu anayechungulia uzio. Arobaini na sita, hivyohivyo, grafu si yake. Arobaini na tano. Arobaini na nne. Vidole vinakimbia, na kile kicheko, badala ya kwenda zake, kikawa kinarudi kwa nguvu mpya, kwa sababu alikuwa anaona! Yaani alikuwa anaona jambo zima jinsi lilivyokwenda, kama zile karata uani. Kila mtu kashika kadi ya jirani yake.

Alisimama kwenye namba kumi na saba. Huyu hakufanya swali la tisa kabisa. Jedwali jeupe. Lakini ndani yake kafungiwa grafu nzuri, tisa juu ya kumi na mbili. Na kumi na sita kurudi nyuma, kila mtu ana grafu yake.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Vijitabu hamsini, grafu arobaini na tisa. Walipozifunga tena kwa haraka, wa kumi na saba asiye na grafu akapewa ya kumi na nane, wa kumi na nane akapewa ya kumi na tisa, wakasogea hivyo mpaka mwisho, na wa hamsini akabaki mikono mitupu. Grafu hazikuwa na namba, maana msimamizi wa chumba kile cha mtihani aliwaambia watoto haina haja, si zinafungwa na uzi?

Kalkuleta akasimama juu ya kiti.

"Fungu hili lisifungwe!"

Wimbo ukakatika. Mwenye kofia ya gazeti akaivua. Bwana Rula akaja, rula mbele, yeye nyuma.

"Shida nini huku?"

"Mwalimu, grafu za fungu hili zimefungwa kwa watu wasio wao. Kuanzia kumi na saba mpaka hamsini."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Wewe!" Akacheka kidogo, akageukia meza yake ili nao wacheke. "Binti, wewe kazi yako kujumlisha. Mimi nimefundisha hesabu tangu hujazaliwa. Wewe hesabu umesomea wapi?"

"Mwalimu, mimi hesabu sijasomea," alisema, na sasa hasira na kicheko vilikuwa vimeshikana mashati, haijulikani kipi kinashinda. "Lakini kuku namjua."

Akafunua vijitabu viwili, akaviinua juu, kimoja kila mkono.

 Halafu mwalimu mmoja wa swali la nne, mama wa watu aliyekuwa amechoka tangu Jumatatu, akaangua kicheko. Akafuata mwingine. Bwalo zima likalipuka. Watu wanagonga meza, wanasimama wamwone kuku, wanaulizana ana miwani kweli, anaelekeza kweli. Bwana Rula peke yake hakucheka. Masikio yalikuwa yamebadilika rangi.

"Hiyo ni bahati mbaya moja," alisema. "Vijitabu viwili vimepishana, vitarekebishwa. Si fungu zima. Na wewe shuka, chukua begi lako."

"Sishuki."

"Nani hashuki?"

Sauti hiyo ilitoka mlangoni. Mama Lakiri alikuwa amesimama na mshumaa wake wa kuyeyushia lakiri mkononi, bado haujawashwa. Kicheko kikaisha kama mtu kakikata kwa mkasi. Alipita katikati ya meza, akafika, akaangalia vijitabu, akamwangalia msichana aliyesimama juu ya kiti cha kitoto.

"Unasema fungu zima."

"Kuanzia kumi na saba, mama."

"Nitachagua mimi kimoja. Wewe hutakishika. Utaniambia grafu yake iko wapi na ikoje. Ukikosea, begi."

Polepole akafumba macho.

Mama Lakiri akavuta kijitabu cha katikati. Thelathini na moja. Akakifunua kwenye jedwali, akamwonyesha kwa mbali.

Kalkuleta aliangalia mstari wa namba. "Huyu amekosea mwisho kabisa. Kwenye tano kaandika sifuri. Grafu yake iko ndani ya thelathini, na mstari wake unaporomoka mwishoni mpaka sakafuni, kama mtu kateleza kwenye ganda la ndizi."

Mama Lakiri akafungua namba thelathini. Akaangalia muda mrefu. Halafu akainyanyua grafu ile juu ili bwalo lote lione, na kweli, mstari ulikuwa unapanda vizuri, unapanda, unapanda, halafu mwishoni unaporomoka puu!

Mdomo wa Mama Lakiri ukatetemeka. Ukatetemeka tena. Na mbele ya watu sitini, mwanamke ambaye kwa miaka mitatu hakuna aliyewahi kuona meno yake, akacheka. Alicheka kwa sauti nyembamba ya ajabu, kama mlango usiotiwa mafuta, na hilo ndilo lililowamaliza. Watu walilia. Mmoja alikaa chini sakafuni.

"Haya!" Mama Lakiri akajifuta macho kwa mkono wenye mshumaa. "Saa tisa na dakika arobaini! Grafu thelathini na tatu zinahama nyumba! Meza zote huku!"

Jamani. Hakuna aliyeona kitu kama kile. Walimu wazima, wenye shahada zao, walikimbia wakigongana kwenye vijia. Nyuzi zilifunguliwa kwa meno. Kalkuleta alikuwa bado juu ya kiti, anaita kama anayepiga mnada: "Ya thelathini na tano iende thelathini na sita! Nani ana thelathini na sita?" "Mimi!" "Hakikisha jedwali!" "Jedwali sawa!" "Funga! Jalada! Kalamu ya kijani ya marekebisho, kiongozi wa meza atie sahihi!" Na kila grafu ilipofika kwa mwenyewe watu walishangilia kama bao limefungwa.

Bwana Rula alikuwa amesimama pembeni. Halafu akaweka rula yake mezani, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona, akapiga magoti kwenye sakafu, na akaanza kufunga nyuzi. Alifunga kumi na moja peke yake. Alipofika kwenye ile ya namba kumi na saba, aliyepewa tisa za bure, akaitoa, akaandika kistari, akasema bila kuinua kichwa, "Huyu bwana alikuwa anakula harusi asiyoalikwa."

"Mwalimu!" Kalkuleta aliita kutoka juu. "Kumbe na wewe unachekesha!"

"Shuka kwenye kiti, utaanguka."

"Nikianguka nitashika mabega yako."

"Mabega yangu hayana alama ya ziada."

Kuku aliachwa wa mwisho makusudi. Ilipobaki grafu moja na kijitabu kimoja, wote wakasogea karibu. Bwana Rula mwenyewe akaifunga, mafundo mawili, akavuta akajaribu. Akafuta kistari, akaandika kumi na moja kwa kijani, akatia sahihi. Kalkuleta akajumlisha upya. Midomo ya Polepole ikatembea taratibu mno, watu wakawa wanamwangalia kama wanaangalia mpira wa penalti. Alipofika mwisho akasema, "Sawa."

Basi bwalo likaenda juu. Kofia ya gazeti ilipaa. Mwalimu wa swali la nne alimkumbatia mtu ambaye hata hakumjua jina.

Jumla zote thelathini na nne zilirudiwa, zikakaguliwa. Nje honi ya gari ilisikika, dakika mbili kabla ya saa kumi. Mama Lakiri akawasha mshumaa, lakiri ikadondoka, akagonga muhuri. Mkono ulikuwa bado unatikisika kwa kicheko, muhuri ukakaa upande kidogo. Aliuacha hivyohivyo.

Kisha akamgeukia Kalkuleta, uso umerudi kuwa wa mkuu. "Mwakani utakuja wiki moja kabla ya wengine. Utakagua mafungu yote kabla hayajafika mezani. Na nyuzi," akamwangalia Bwana Rula, "hakuna tena atakayezifungua."

"Hakuna," alisema Bwana Rula.

Kalkuleta alitoka nje na miguu haijui kama inatembea au inacheza.

Lakini sikieni. Lile fungu lilipona kwa sababu mtoto mmoja alipenda kuchora kuku. Wale wenzake thelathini na watatu hawakuchora chochote, na wasingejulikana. Na mafungu mengine yaliyopita miaka mingine, nani alikagua? Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, una mtoto, una mdogo wako, una mpwa, una mpangaji mwenzako anayefanya mtihani mwaka huu. Mwambie aandike namba yake ya mtihani kwenye kila karatasi anayoigusa. Kila moja! Ya grafu, ya ramani, ya nyongeza, hata iwe imefungwa na uzi, hata msimamizi aseme haina haja. Usiseme utamwambia kesho. Acha kusoma, inuka, kamwambie sasa hivi.